Upanga wa Saa Kumi na Mbili

Kwa hesabu ya saa za Waswahili, saa kumi na mbili ndipo mchana unapokatika. Jua lililochomoza alfajiri limekwisha kupita utosini, limeinama, na sasa linagusa maji. Mwenye kazi ya mchana ama ameimaliza, ama imempita. Si ajabu basi kwamba msomaji wa pwani, akiambiwa kuwa upo upanga usiopatikana ila na mtu aliyefika mahali fulani kabla ya saa kumi na mbili kutimia, atadhani anasimuliwa kisa cha utendi wa kale. Upanga huo upo, ingawa hauna chuma wala mpini wa kushikwa. Umo ndani ya mchezo wa video uitwao Final Fantasy IX, uliotolewa na kampuni ya Square nchini Japani mwaka 2000 kwa ajili ya mashine ya PlayStation, na jina lake ni Excalibur II. Kuupata ni miongoni mwa kazi ngumu ambazo mchezo wa aina hii umewahi kumtwisha mtu. Suali linalostahiki kuulizwa na wapenzi wa fasihi ni hili: ugumu huo una maana gani, na je, unastahiki umri unaoliwa nao?

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, maelezo mafupi yanahitajika. Final Fantasy IX ni hadithi inayochezwa. Mchezaji hukaa mbele ya televisheni akawaongoza wahusika wanane katika safari ndefu ya bahari, milima na miji. Huzungumza na wenyeji, hununua silaha, hupigana na madubwana, na baina ya mapigano hayo kisa husonga mbele kwa mazungumzo ya maandishi na kwa vipande vya filamu iliyochorwa kwa kompyuta. Mchezo mzima ulijaza diski nne. Mtu anayekwenda kwa mwendo wa kawaida, akisoma maneno na kubisha hodi katika nyumba za watu, huchukua saa 40 hivi, na wengi huzidisha. Mwongozaji wake alikuwa Hiroyuki Ito, kisa kilibuniwa na Hironobu Sakaguchi, na muziki ukatungwa na Nobuo Uematsu.

Dhamira kuu ya kisa hicho ni ufupi wa maisha. Anayeibeba zaidi ni Vivi, mtoto mwenye kofia kubwa ya ncha, ambaye uso wake hauonekani ila macho mawili yang'aayo gizani. Katika kijiji cha Dali Vivi anagundua kwamba wapo viumbe wa sura yake wanaotengenezwa kwa ukungu katika kiwanda kilichofichwa chini ya ardhi, na kufungashwa kama bidhaa ili wapelekwe vitani. Baadaye anawakuta baadhi yao waliotoroka, wamejijengea kijiji chao msituni. Hawana majina, wana nambari. Mmoja wao, mwenye nambari 288, anamfichulia jambo ambalo wenzake hawajalijua: wengi wao waliundwa waishi mwaka mmoja hivi, kisha husimama. Kufa hawakufahamu vyema, kwa hivyo husema mwenzao amesimama. Wamejifunza kuzika, lakini maana ya kuzika haijawaingia. Yupo anayengoja pale kaburini rafiki yake atoke ardhini ili ampeleke bwawani akamkoshe udongo. Ni vigumu kutaja mandhari nyengine katika michezo ya kizazi kile iliyosema mengi kwa maneno machache kiasi hicho.

Ndani ya kazi inayohuzunikia ufupi wa umri, watungaji wake wakauficha upanga ambao bei yake ni wakati. Katika diski ya nne wahusika huingia mahali paitwapo Memoria. Huko, katika pembe moja, Excalibur II humngoja mchezaji ikiwa saa ya mchezo, inayohesabu tangu hatua ya kwanza kabisa, haijapita kumi na mbili. Ikipita, upanga haupo. Hakuna mlango uliofungwa, hakuna adui aliyeongezwa. Ni pahala patupu tu ambapo aliyechelewa hupita bila kujua kwamba pangekuwa na kitu. Mwenye kuutumia ni mhusika mmoja, Kapteni Steiner, askari wa vazi la chuma anayemlinda binti mfalme Garnet. Nguvu yake imeandikwa kwa nambari: 108, ilhali Excalibur ya kwanza, ambayo nayo si silaha haba, ina 77.

Mwenye kuutaka hana budi kuuvua mchezo nyama zake. Mapigano yasiyo ya lazima huyakimbia. Mazungumzo huyapitisha kwa kubofya kitufe kabla macho hayajafika mwisho wa sentensi. Mji wenye nyumba kumi, kwake ni njia moja baina ya lango na lango. Michezo midogo iliyotawanywa humo, ya karata, ya kukamata vyura, ya kuchimbua hazina kwa mdomo wa ndege, yote huiacha. Hata zile filamu, ambazo zilikuwa fahari ya watengenezaji, ni adui kwake, maana haziwezi kurukwa. Wachezaji wakagundua kwamba mtu akifunua kifuniko cha mashine wakati filamu inaendelea, filamu hukatika na dakika huokolewa. Na kwa kuwa saa inayohesabiwa ni ile iliyohifadhiwa, aliyepoteza dakika tatu katika pambano huweza kuzima mashine, akarudi alipohifadhi mara ya mwisho, akalirudia pambano mpaka alimalize kwa dakika moja. Saa kumi na mbili za mchezo zaweza kuwa nyingi zaidi za maisha. Kioo kinaonyesha mchana mmoja. Kalenda ukutani inaonyesha wiki.

Huenda ikasemwa kwamba haya ni mambo ya kitoto, na kwamba upanga usioshikika hauna thamani ya kuuliziwa. Jibu lilikwisha kutolewa kwa msiba. Mwaka 2005, katika mji wa Shanghai, mchezaji mmoja wa Legend of Mir 3 alimwazima mwenzake upanga adimu wa ndani ya mchezo huo, na mwenzake akauuza kwa yuan 7,200. Mwenye upanga alikwenda polisi, akaambiwa kwamba kitu chake si mali inayolindwa na sheria. Hatimaye alimwua aliyeuuza, na akahukumiwa kifo kilichoahirishwa. Hakuna cha kusifiwa katika kisa hicho. Kinachojifunzwa ni kwamba saa za umri wa mtu zikishatiwa ndani ya kitu, kitu hicho hupata uzito hata kama hakina umbo, na asiyeziona saa hizo hawezi kuuona uzito.

Hata hivyo upanga wa Steiner ni wa namna nyengine. Legend of Mir huchezwa na maelfu ya watu kwa pamoja kupitia mtandao, na tunu zake zina soko, zina wivu, zina macho ya watu. Final Fantasy IX huchezwa na mtu na nafsi yake. Excalibur II haiuziki wala haiazimwi. Hakuna mpita njia atakayeiona akashangaa. Na aliyeipata ameipata karibu na mwisho, wakati maadui waliobaki ni wachache. Kwa hivyo sababu ya kuitafuta, kama ipo, haina budi kupatikana ndani ya kazi yenyewe. Hapo ndipo tahakiki inapopata nafasi yake.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kufundishwa kwamba ugumu una ladha. Mtunzi anayejifunga kwa vina viwili na mizani kumi na sita hafanyi hivyo kwa kukosa njia nyepesi. Kina kigumu humlazimisha alitafute neno ambalo lau angelikuwa huru lisingelimjia, na neno hilo likija huja na fikra yake. Ndiyo maana ubeti wenye kina adimu hupendeza ukiwa kina hicho kimezaa maana, na huchusha ukiwa neno limeburutwa kuja kujaza pengo. Kipimo hicho hicho chafaa hapa: ugumu mwema humsogeza mtu karibu na maana ya kazi, na ugumu mbaya humweka nje ya kazi akihesabu tu. Lugha nayo ina shahidi wa kila upande. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini aliyeinama hana budi awe anainamia kitu.

Kipimo hicho kikitumiwa kwa tunu nyengine za michezo, tofauti hujitokeza wazi. Katika Final Fantasy XII, ya mwaka 2006, silaha yenye nguvu kuliko zote ni mkuki uitwao Zodiac Spear. Sanduku lake limo katika magofu ya Nabudis, lakini mkuki huwamo ikiwa mchezaji hakuyafungua masanduku manne mengine huko nyuma: moja katika mtaa wa chini wa mji wa Rabanastre, moja katika kasri ya mji huo huo, moja katika gereza la Nalbina, na moja katika pwani ya Phon. Masanduku hayo hayana alama. Hakuna mhusika anayeonya, hakuna kitabu cha ndani ya mchezo kinachodokeza. Mchezaji aliyefunzwa tangu mwanzo kwamba sanduku hufunguliwa, huadhibiwa saa nyingi baadaye kwa kufanya alichofunzwa. Njia nyengine ilikuwapo, katika migodi ya Henne, kwa bahati hafifu mno.

Jamii inayojua kufumba na kufumbua haiwezi kuliita hilo fumbo. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Na ili mwerevu aligangue, ufunguo hauna budi kuwamo ndani ya maneno yenyewe, uwe umefichwa kiasi gani. Mshairi aliyefumba akaiacha maana nyumbani kwake hakufumba, amenyamaza tu. Zodiac Spear ilinyamaza, na aliyeipata aliipata kwa kuambiwa na kitabu cha mwongozo au na jirani. Watengenezaji wenyewe wakaona: toleo jipya la Kijapani la mwaka 2007, na baada yake lile lililotolewa duniani mwaka 2017 kwa jina la The Zodiac Age, yote mawili yaliuondoa mtego huo.

Mfano wa pili ni wa takriri. Katika Final Fantasy X, ya mwaka 2001, liko bonde lipigwalo na radi bila kukoma. Mchezaji hupaswa kubonyeza kitufe punde tu kioo kinapomweka weupe, na akikwepa radi 200 mfululizo, bila kukosa hata moja na bila kutoka bondeni, sanduku hufunguka mbele ya nyumba ya wasafiri na kumpa nembo ya kuitilia nguvu silaha ya mhusika aitwaye Lulu. Mchezo wa awali haukuonyesha hesabu kiooni. Mtu alihesabu kwa vidole au kwa kipande cha karatasi. Ugumu huo una haki yake, kwa maana masharti yakishajulikana hayamdanganyi mtu. Kasoro yake ni ukame. Katika bonde lile lile yumo mhusika mwengine, Rikku, anayeogopa radi hata akalia akiomba safari isimame. Lau radi zile 200 zingelikuwa njia ya Rikku kuishinda hofu yake, takriri ingelikuwa na kituo, kama kibwagizo kinachorudi kila ubeti kikiwa kimebeba kitu kipya. Badala yake zawadi inakwenda kwa mtu ambaye radi hazimhusu, na vidole vinachoka bure.

Mfano wa tatu ni wa zamani zaidi na ndio ulio mwema kuliko yote mitatu. Katika siku za mwanzo za Atari, kampuni hiyo haikuwa ikiyataja majina ya watu walioibunia michezo. Warren Robinett, aliyeutengeneza mchezo uitwao Adventure, ulioingia sokoni mwaka 1980, akaficha ndani ya ngome nyeusi nukta moja ya kijivu, rangi ile ile ya sakafu, isiyoonekana kwa jicho la kawaida. Aliyeigundua akaibeba hadi ukuta fulani aliweza kupenya, na ndani akakuta maandishi yanayomtaja Robinett kuwa ndiye mtunzi. Kijana wa miaka 15 wa Marekani aliuona ukumbi huo akaiandikia kampuni barua. Robinett mwenyewe alikuwa amekwisha kuacha kazi. Wasomaji wa tendi wanaijua ada hiyo. Mtunzi wa utendi, akikaribia kituo cha mwisho, hutaja jina lake ili atakayesoma amwombee dua. Robinett alinyimwa beti za mwisho, akazitia ukutani. Tunu yake haikuongeza nguvu wala mali kwa mchezaji, ilimpa mtu. Safari yote ya kuitafuta ilikuwa safari ya kutoka katika chombo kuelekea kwa aliyekiunda.

Baada ya mifano hiyo, upanga wa saa kumi na mbili husimama wapi? Kwa mtazamo wa kwanza ni mbaya kuliko mkuki. Mkuki humwadhibu mtu kwa kufungua sanduku. Upanga humwadhibu kwa kuipenda hadithi. Kila aliyesimama kijijini kwa akina Vivi akawasikiliza, kila aliyewatazama wale wawili wanaoliatamia yai la ndege chocobo kwa hofu na furaha ya wazazi wapya, dakika zake zimehesabiwa dhidi yake. Na kanuni yenyewe haikutajwa popote ndani ya mchezo. Kitabu rasmi cha mwongozo kilichouzwa Marekani nacho kilipata lawama nyingi, kwa vile mahali pengi kilimwelekeza mnunuzi akayatafute maelezo katika intaneti, kana kwamba alinunua majalada. Cha kuutetea upanga hapa ni kimoja: saa yenyewe haikufichwa. Kila mchezaji anapofungua ukurasa wa kuhifadhi, saa imo, inamtazama. Ufunguo uko wazi. Kilichofichwa ni kwamba huo ni ufunguo.

Lakini tahakiki haitimii kwa kuutazama upanga peke yake, maana panga ni mbili. Excalibur ya kwanza hupatikana kwa njia iliyo kinyume kabisa. Mchezaji huenda katika mnada wa mji wa Treno akanunua kifaa cha ajabu, kisha akakipeleka Daguerreo, maktaba kubwa iliyojificha mbali, ambako mzee mmoja hukipokea na kumpa upanga. Njia hiyo yataka kutangatanga, kusikiliza, kupanda daraja na kushuka daraja za nyumba ya vitabu. Basi kazi hii imeweka mbele ya Steiner panga mbili zenye jina moja: ule wa maktaba, unaotolewa na mzee kwa mtu asiye na haraka, na ule wa saa, usiotolewa na mtu yeyote. Ule wa pili una nguvu zaidi. Wa kwanza una mtu anayeukabidhi.

Haifai kulipita pia jambo dogo la mwanzoni mwa safari, katika uwanja wa mji wa Alexandria, ambako wasichana wawili huzungusha kamba na Vivi aweza kuruka. Akiruka mara 1,000 bila kukosea, hupewa cheo cha mfalme wa kuruka kamba. Cheo hicho hakina nguvu wala hakifungui mlango wowote. Kwa hesabu ya vidole ni kazi ngumu kuliko zile radi 200. Lakini hapo takriri ina maana: mtoto aliyeundwa kwa umri mfupi anatumia sehemu ya umri huo kwa mchezo usio na faida, na watungaji wanaliheshimu hilo kwa taji. Mwenye kuufukuzia Excalibur II hawezi kuruka kamba hiyo.

Hoja ya mwisho, na iliyo nzito, ni mahali upanga ulipowekwa. Memoria imejengwa kwa kumbukumbu. Wahusika wakipita humo huyaona yaliyowapata: mji uliochomwa, mashua katika dhoruba, mambo waliyoyasahau na mengine waliyotamani kuyasahau. Upanga wa mtu aliyekataa kusimama popote umewekwa katika nyumba ya kumbukumbu. Na anayeuchukua huukuta pamoja na waraka. Mwandishi wa waraka huo ni Enkido, naye anamweleza ndugu yake Gilgamesh kwamba ameupata upanga kama alivyoagizwa, lakini aliukuta pamoja na mwengine. Mmoja ulikuwa mchakavu, jina lake halimkai vizuri ulimini, basi akauacha huo na kuchukua ule uliopendeza. Huo ulioachwa ndio Excalibur II.

Kwa anayecheza ni kichekesho. Kwa anayesoma ni zaidi. Gilgamesh ni jina la shujaa wa utendi wa kale kabisa wa nchi ya Iraki, na Enkidu ni rafiki yake. Rafiki huyo anapokufa, Gilgamesh hushikwa na hofu ya mauti, akasafiri mpaka mwisho wa dunia kutafuta dawa ya uhai. Anapewa habari ya mmea ulioko chini ya bahari unaomrudishia mtu ujana. Anazamia, anaung'oa, na njiani anaporudi, wakati anakoga, nyoka anaula. Shujaa anarudi mjini kwake mikono mitupu. Hakuna kisa kikongwe zaidi cha kuhangaikia tunu adimu, na sababu ya mahangaiko hayo ni ile ile iliyomliza Vivi. Kwamba watungaji wa Final Fantasy IX waliyaweka majina hayo mawili pembeni mwa upanga wa saa, katika mchezo unaohusu umri, ni jambo linalostahiki kusomwa kama jazanda, iwe walikusudia au kalamu iliwatangulia.

Jazanda hiyo hubadilisha hukumu. Ni nani hasa anayeweza kufika Memoria kabla ya saa kumi na mbili? Mgeni hawezi, ila ashikwe mkono na mwongozo ukurasa kwa ukurasa. Anayefika kwa miguu yake mwenyewe ni yule aliyekwisha kuicheza hadithi mara moja, mbili au tatu kwa mwendo wa pole, akawa anajua kila njia inapokunja na kila mhusika atasema nini kabla hajafungua kinywa. Haraka yake ni haraka ya aliyehifadhi. Mtu aliyeuhifadhi utendi moyoni huweza kuughani wote katika usiku mmoja bila kutazama waraka, na asiyeujua akimsikia atasema anakimbia. Kumbe kila ubeti anaupita akiwa ameubeba. Kwa mtu huyo saa kumi na mbili hazikuinyang'anya hadithi. Zilimwuliza kama bado anayo. Ikiwa hivyo ndivyo, Memoria ndiyo pahala pake hasa pa kuwekewa upanga.

Walakini kasoro haiondoki, na uaminifu wa tahakiki wataka isemwe. Mashine haina njia ya kumtofautisha aliyehifadhi na aliyeongozwa. Yupo kijana aliyeuanza mchezo kwa mara ya kwanza huku mwongozo umefunguliwa magotini, akafunua kifuniko cha mashine kila filamu ilipoanza, akamaliza kwa saa kumi na moja na nusu, akapewa upanga ule ule wenye nguvu ile ile 108. Amefuata masharti yote. Naye amefanana na Steiner wa mwanzo wa kisa, askari aliyetii kila amri bila kuuliza inatumikia nini, mpaka siku alipotambua kwamba malkia aliyekuwa akimtii anaangamiza miji. Kisa cha Steiner ni cha mtu anayejifunza kutazama alichokuwa akikipita. Kumpa yeye, miongoni mwa wote wanane, silaha inayopatikana kwa kutotazama, ni kinaya ambacho kazi imekiacha wazi bila kukijibu. Tendi kubwa nazo huacha mambo wazi, lakini huacha pia ishara kwamba zimeyaona. Hapa ishara hiyo ni hafifu, na mchezaji wa mara ya kwanza hana wa kumzindua.

Basi umri unaoliwa na upanga huu unastahiki kwa mmoja na kupotea kwa mwengine, na nambari 108 haitasema nani ni nani. Wote wawili watasimama Memoria jua likiwa halijagusa maji, wameushika upanga mmoja. Mwenye kutaka kujua na awaulize habari za yule aliye kaburini msituni, anamngojea nani, na akishatoka atampeleka wapi. Mmoja ataeleza habari za bwawa. Mwengine atauliza ni diski ya ngapi.